Francesco Redi: Tabibu Aliyewafungia Nzi Mlango

Najua katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya watu wa kwetu: Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na wengineo. Mwaka huu nimeomba nafasi nimlete mgeni. Ni Mwitaliano, alifariki mwaka wa 1697, na kazi iliyompa jina kubwa ni ya kutazama mizoga ikioza. Nilipomtajia mhariri wetu habari hii alikunja pua kana kwamba nimeuleta mzoga wenyewe ofisini. Lakini akivumilia ataona kwamba mtu huyu, kama angezaliwa Woodley, angejiunga na Chama cha Kiswahili kabla ya kile cha sayansi.

Kwanza nieleze kilichonipeleka kwake. Mwaka jana mwezi wa pili, jua likiwaka kweli kweli, mama alinituma bucha Jumamosi asubuhi nikanunue kilo moja ya nyama. Nyanya yangu alikuwa amekuja kutoka mashambani kupimwa macho, na mgeni hapewi sukuma wiki tupu. Nikaileta nyama, nikaiweka juu ya meza ya jikoni katika karatasi yake, dirisha wazi, mimi huyoo nikakimbilia mpira. Ilikaa hapo mchana kutwa. Jioni mtu akaitia ndani ya sufuria na kuifunika, na kwa kuwa kulikuwa na maharagwe tayari, haikupikwa. Kesho yake mama alipofunua akapiga ukemi. Mabuu! Madogo kama nyuzi, yalikuwa yakijipinda pembeni mwa mafuta.

Nyanya akatoa hukumu papo hapo. Hiyo ilikuwa nyamafu, akasema, ng'ombe alijifia mwenyewe, na nyama ya namna hiyo huzaa mabuu ndani kwa ndani. Baba akaapa kwamba hatutanunua tena kwa mtu yule. Muuza nyama mwenyewe ni mtu mpole ambaye hutuongezea mfupa wa supu bila kuombwa. Habari zikapita ua hadi ua, na majirani wawili watatu nao wakahama. Mimi nikakaa kimya kama maji ya mtungini. Moyoni nilikuwa na swali: kosa lilikuwa la ng'ombe, la muuza nyama, au langu mimi niliyeiacha nyama wazi? Sikuwa na jibu, na sikumwambia mtu.

Jibu nililipata katika kitabu cha zamani cha Baiolojia maktabani, kwenye ukurasa wenye picha ya chupa na jina la Redi.

Francesco Redi alizaliwa tarehe 18 Februari 1626 katika mji wa Arezzo, nchi ya Toscana. Wakati huo hapakuwa na taifa moja liitwalo Italia, bali kulikuwa na vijinchi vingi, kila kimoja na mtawala wake. Baba yake, Gregorio, alikuwa tabibu, na mtoto akafuata nyayo. Alisomeshwa na mapadri Wajesuiti, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pisa na kuhitimu mwaka wa 1647, akiwa na miaka 21. Alikaa Roma miaka kadhaa akiitumikia familia moja ya kitajiri, halafu akarudi Firenze. Huko alipanda cheo mpaka akawa tabibu wa Mtawala Mkuu Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici na msimamizi wa duka lake la dawa. Ferdinando alipofariki mwaka wa 1670, mwanawe Cosimo wa Tatu alimwacha Redi katika kazi ile ile. Hakuoa. Nadhani hakupata nafasi.

Bahati yake ni kwamba mabwana wake walipenda elimu. Kuanzia mwaka wa 1657 hadi 1667 kulikuwa na chama katika jumba lao kiitwacho Accademia del Cimento, yaani chama cha majaribio, ambacho wanachama wake hawakukubali neno la mtu mpaka walijaribu wenyewe. Redi alikuwa miongoni mwao. Tena Medici walifuga wanyama wa ajabu kutoka nchi za mbali, na mnyama akifa, Redi alikuwa tayari na kisu chake.

Alianza na nyoka. Watu wengi waliamini kwamba sumu ya nyoka jamii ya kifutu hutoka kwenye nyongo. Mshika nyoka mmoja, Jacopo Sozzi, alijitolea kunywa nyongo mbele ya watu wote, na hakudhurika. Hata sumu yenyewe iliyokamuliwa menoni haikumdhuru mtu aliyeimeza. Redi akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1664 kwamba sumu hukaa penye meno na huua ikiingia kwenye damu. Msijaribu, tafadhali. Mtu akiwa na kidonda mdomoni shughuli imeisha.

Sasa tufike kwa nzi wenyewe. Tangu zama za Aristotle wa Ugiriki, wasomi walishika imani ile ile ya nyanya yangu: kwamba vijidudu huzaliwa na matope, umande, jibini au nyama iliyooza, bila baba wala mama. Nyanya basi hakuwa peke yake, alikuwa na maprofesa nyuma yake! Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi aliyeheshimika sana, aliandika kwamba ukitia shati chafu na ngano ndani ya chombo, baada ya siku 21 utapata panya. Wengine walisema nyuki huzaliwa na mzoga wa fahali, na kama ukibisha wanakutajia simba wa Samsoni katika Biblia, ambaye alikutwa na nyuki na asali ndani yake. Redi alikuwa Mkristo mzuri. Alijibu kwamba nyuki wale walikwenda kukaa tu pale, kama mpangaji anavyoingia nyumba tupu. Nyumba haimzai mpangaji.

Linalonifurahisha ni mahali alipopata wazo lake. Alilipata katika ushairi. Katika utenzi wa Homer, shujaa Achilles anahofia kwamba nzi wataingia kwenye vidonda vya rafiki yake aliyeuawa vitani na kuzaa mabuu humo, naye mama yake anaahidi kuwafukuza. Redi akajiuliza: je, ikiwa malenga wa kale aliona kitu ambacho wanafalsafa hawakukiona? Akakumbuka pia kwamba wauza nyama na wawindaji hufunika nyama kwa vitambaa wakati wa joto. Watu hao hawakujua Kilatini, lakini nyama yao haikuingia mabuu.

Akachukua nyoka watatu waliokufa, akawatia katika sanduku lililo wazi mpaka wakaoza. Mabuu yakaja, yakala nyama yote, kisha yakaanza kutafuta njia ya kutoka. Safari ya pili akaziba matundu. Mabuu yakatulia, yakajikunja, yakawa kama mayai madogo magumu, mengine mekundu, mengine meusi. (Nimetafuta neno la Kiswahili la hali hiyo ambalo walimu wawili wangekubaliana nalo, nikashindwa. Nitasema kijumba.) Akavitenga vijumba kwa rangi katika chupa tofauti, akasubiri. Siku zilipotimia vikapasuka, na kila kimoja kikatoa nzi: wa kijani anayeng'aa, mweusi mwenye manyoya, na nzi wa kawaida wa nyumbani.

Hapo akaona jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko hata zile chupa maarufu. Aliendelea na nyama za kila namna, mbichi na zilizopikwa: ng'ombe, nyati, mwana-kondoo, mbwa, sungura, bata, kuku, mbayuwayu, samaki, hata simba na chui milia wa Mtawala. Katika mzoga mmoja walitoka nzi wa aina mbalimbali, na nzi wa aina moja walitoka katika mizoga mbalimbali. Ikiwa nyama ndiyo mama, mbona simba hana nzi wake na kuku hana wake? Ni sawa na kuona watoto wa familia kumi wakitoka darasa moja. Huwezi kusema darasa limewazaa.

Katikati ya Julai akatwaa chupa nne zenye midomo mipana. Katika ya kwanza akatia nyoka, ya pili samaki wa mtoni, ya tatu mikunga wadogo wanne wa mto Arno, ya nne kipande cha nyama ya ndama. Akazifunga barabara kwa karatasi na uzi. Kisha akatayarisha nyingine nne vivyo hivyo, akaziacha wazi. Nzi wakawa wanaingia na kutoka katika zile zilizo wazi, na punde zikajaa mabuu. Katika zile zilizofungwa, nyama iliharibika, ikanuka, ikageuka maji ya uvundo, lakini hapakuonekana buu hata moja ndani. Juu ya karatasi, kwa nje, ndipo mengine yalionekana yakihangaika kutafuta tundu.

Wabishi wangesema kwamba amezuia hewa, na bila hewa hakuna uhai. Redi hakungoja waseme. Akafunika chupa nyingine kwa kitambaa chepesi sana cha Napoli, kinachopitisha hewa lakini si nzi, akaziweka ndani ya fremu iliyofunikwa kwa kitambaa kile kile. Hakuna buu lililozaliwa ndani. Nzi walivutwa na harufu wakatua juu ya kitambaa, na akawaona wengine wakiangusha vibuu vilivyo hai, si mayai. Alizika nyama ardhini pia. Ilioza bila mabuu.

Nami nikasema, kama yeye aliweza na chupa nane, mimi nitaweza na mbili. Kitabu kimesema Julai? Nikangoja Julai. Nikachukua mitungi miwili ya jemu, nikatia vipande vya matumbo, mmoja nikaufunika kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara tatu, mwingine nikauacha wazi, nikaiweka nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu nzi mmoja mvivu akaja, akazunguka, akaenda zake. Siku ya nne mama akashindwa na harufu, akavitupa vyote na kunipa onyo. Niliona aibu kwa ajili yangu na ya Redi.

Ilinichukua majuma kuligundua kosa langu, na ni kosa la Jiografia, si la Baiolojia. Julai ya Firenze ni kiangazi kikali. Julai ya Nairobi ni kipupwe, sisi tunavaa sweta mbilimbili na wingu halitoki juu ya Ngong mpaka saa sita. Nzi hana joto lake mwenyewe, humtegemea jua. Kukiwa na baridi haruki sana, na hata akitaga, mayai hukawia kuanguliwa. Nilikuwa nimefuata mwezi badala ya kufuata majira.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia mizoga njiani kutoka shule, jambo ambalo rafiki zangu hawalipendi. Mwezi wa nne, wakati wa masika, mbwa aliyegongwa na gari kando ya Ngong Road alichemka mabuu kwa siku chache akabaki mifupa na manyoya. Mwezi wa kwanza paka aliyekufa juu ya kokoto za reli, upande wa Kibera, alikauka akawa kama ngozi ya ngoma. Nzi wa kijani walimjia siku za mwanzo tu, halafu wakaja mbawakawa wadogo weusi wanaopenda kitu kikavu. Nzi anataka unyevu, kwa sababu buu hunywa chakula chake zaidi ya kukitafuna. Nilifikiria Tsavo na ukame wa miaka ya 1970 na 1971, ambapo ndovu walikufa kwa maelfu. Mzoga wa ndovu una nyama nyingi kiasi gani, na juani nje ngozi ikishakauka, nzi ana muda mfupi kiasi gani! Redi mwenye mizoga ya simba angelia kwa wivu.

Kitabu cha majaribio hayo kilitoka mwaka wa 1668, na hapa ndipo chama chetu kinapoingia. Wasomi wengi wa Ulaya wakati huo waliandika Kilatini. Redi aliandika kwa Kitoskana, lugha ya mama yake, kwa mtindo wa barua kwa rafiki yake Carlo Dati. Akawaeleza watu wa kwao mambo ya mabuu kwa maneno waliyoyatumia wao wenyewe wakiwafukuza nzi mezani. Hakuna aliyemwambia kwamba lugha yake haina msamiati. Mimi nilipoanza kuandika makala haya, mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu aliniambia kwamba Baiolojia haiandikiki kwa Kiswahili. Basi na ahesabu kurasa.

Tena Redi alikuwa mtu wa kamusi. Alikuwa mwanachama wa Accademia della Crusca, chama cha lugha cha Firenze, na mkuu wake kuanzia mwaka wa 1678 hadi 1690. Crusca maana yake ni pumba, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuchekecha maneno, unga ubaki na pumba ziondoke. Chapa ya tatu ya kamusi yao, iliyotoka mwaka wa 1691, ina jasho lake jingi. Alikuwa malenga pia. Mwaka wa 1685 alitoa shairi refu, Bacco in Toscana, la kusifu mvinyo wa nchi yake, ambamo kahawa inatukanwa vibaya sana. Kwa hilo sisi Wakenya hatutamsamehe upesi.

Lakini ukweli sharti usemwe wote. Miaka zaidi ya mia mbili baada ya kifo chake, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wataalamu waligundua kwamba baadhi ya mifano aliyoipeleka kwenye kamusi, akidai ameitoa katika maandiko ya kale, aliitunga mwenyewe. Alitaka neno fulani liwe na ukoo mrefu, basi akalitengenezea babu. Mtu huyu aliyekataa kuamini nzi hana mama alilibunia neno mama! Nilisikitika sana niliposoma hayo. Nilitamani kuyaacha nje ya makala, kisha nikaona kwamba nitakuwa nafanya mchezo ule ule.

Pia alikosea mahali pengine kwa nia njema. Alipoona vijidudu ndani ya vinundu vya majani ya mwaloni, hakuona tundu la kuingilia, akasema labda nguvu za uhai wa mti ndizo zinazovizaa. Mwitaliano mwenzake, Marcello Malpighi, ndiye aliyeonyesha baadaye kwamba kuna mdudu anayechoma jani na kutaga humo. Na mabishano kuhusu vijidudu visivyoonekana kwa macho yaliendelea mpaka Louis Pasteur wa Ufaransa alipoyamaliza katika miaka ya 1860, naye pia kwa chupa.

Uzeeni aligeukia minyoo. Mwaka wa 1684 alitoa kitabu juu ya wanyama wanaoishi ndani ya wanyama wengine. Mwaka wa 1687 tabibu Giovanni Cosimo Bonomo alimwandikia barua kueleza kwamba upele huletwa na kijidudu kinachochimba ngozi, si damu chafu. Ukisoma habari za mnyoo wa ini la kondoo, utakuta hatua moja ya maisha yake ndani ya konokono inaitwa redia. Ni jina lake hilo, alipewa karne ya kumi na tisa. Wengine huachiwa barabara, yeye ameachiwa mtoto wa mnyoo. Ingawa sanamu pia anayo, pale Uffizi mjini Firenze. Alifariki usingizini huko Pisa tarehe 1 Machi 1697, akazikwa kwao Arezzo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nyanya alirudi kwa ajili ya macho yake. Nikatafuta mitungi miwili tena, safari hii kwa ruhusa ya mama na mbali na dirisha lake. Jua lilikuwa kali. Siku ile ile saa saba nzi wa kijani walikuwa wamejaa, na wengine walitembea juu ya chandarua wakitafuta njia. Kesho yake jioni ule mtungi wa wazi ulikuwa ukitetemeka kwa mabuu. Nikamletea nyanya kiti na miwani yake mipya. Alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaunusa ule uliofunikwa, akauliza mbona na huu umeoza vile vile lakini hauna kitu. Nikamweleza habari za Redi. Kisha nikamweleza habari za mimi, meza ya jikoni na mpira.

Hakunigombeza. Alikaa kitambo, halafu akafungua fundo la leso yake, akanihesabia pesa za nusu kilo na kunitajia bucha la kwenda. Nilikwenda nikiburuta miguu. Yule muuza nyama alinipimia, akaongeza mfupa wa supu, akafunga karatasi vizuri pande zote mbili, na hakuniuliza tulikuwa wapi mwaka mzima.